Mguu Ulioshtuka Kabla Yangu

Yote kwa jumla yalinigharimu wayo wa kulia kwa mwaka mmoja na miezi minane, kandambili pea nne (za kushoto ningali nazo, zote nzima), na cherehani yangu ya miguu, niliyomwachia jirani kwa bei ambayo nikiwa mzima nisingekubali hata kuisikia. Sindano yenyewe ilikuwa shilingi themanini. Mdungaji alianzia mia na ishirini.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, kumi la mwisho la Ramadhani, na joto la kaskazi. Nilikuwa nashona kanzu kwenye baraza ya duka moja la Biashara Street, na kanzu thelathini na moja za Idd zikiningoja. Nilizihesabu mara mbili, nikitumai mara ya pili zitapungua. Homa ikanishika. Mgonjwa ameruhusiwa kula, hilo nalijua tangu chuo cha Kurani, lakini siku uliyokula utailipa, nami sipendi deni la aina yoyote. Kidonge chavunja saumu. Sindano, tulivyosikia msikitini, haivunji. Basi nikaenda kwa mdungaji.

Huyu alikuwa na chumba Mji wa Kale, nyuma ya duka la viungo. Zamani alifunga watu vidonda hospitalini, akaacha kazi akabaki na koti. Mlango wake ulikuwa pazia, na nje ya pazia wanaume watano walikaa barazani wakingoja zamu.

Akanichoma katikati ya tako, pale mtu anapokalia. Umeme ukashuka nyuma ya paja mpaka kidole gumba. Kisha mguu ukaruka wenyewe, ukapiga meza, nami nikapiga ukelele. Nilipotaka kutoka, wayo ulining'inia kama soksi iliyoanikwa. Niliuamuru unyanyuke. Niliuamuru tena. Kandambili ikabaki chumbani.

"Umejitikisa, fundi," akasema, kwa sauti ya kuwafikia wa nje. "Mimi nimedunga nyama, wewe ukaipelekea sindano mshipa."

"Mtu mzima aogopa sindano," mmoja akasema barazani, "na hizo kanzu azishona kwa kitu gani?"

Wakacheka. Hukumu ikatoka hapo, na kufikia alasiri ilikuwa imefika Biashara Street kabla yangu.

Cherehani ya miguu yataka wayo ushuke na upande. Wangu ulilala juu ya kikanyagio kama samaki mezani. Kanzu tisa zilikamilika. Wenye ishirini na mbili zilizobaki waliswali Idd na za mwaka uliopita, na kila mmoja alinipa mkono bila kunitazama.

Hospitalini nilimkuta daktari, mama wa kutoka upande wa Kaloleni, na nyundo ndogo ya mpira. Nikamweleza yote, na ile lawama ya kujitikisa. Akanigonga chini ya goti. Mguu ukaruka.

"Umeamua kuuinua?"

"Sikuamua kitu."

"Ndivyo. Habari hiyo haingoji kichwa. Yafika uti wa mgongo, na jibu latoka palepale. Kichwa huambiwa baadaye." Akagonga nyuma ya kisigino. Kimya. "Hapa njia imekatika. Msuli upo, amri haiufikii. Ule umeme uliusikia kabla ya kuruka, au baada?"

"Kabla."

"Basi sindano ilikuwa imeshaugusa mshipa wa fahamu. Mguu uliruka kwa kuguswa. Tako lina robo ya juu, upande wa nje. Hapo ndipo pa kudunga. Hata ungekuwa jiwe, kaka, huyo angekukosea."

Akaniambia mshipa hukua upya polepole, kama milimita moja kwa siku, ukipenda kukua.

"Hupunguzi?"

"Hiyo ni bei ya wote."

Msuli unaoinua wayo, alisema, uko mbele ya muundi, si wayoni. Nyumbani nikachukua futi kamba, nikapima kutoka takoni hadi hapo: sentimita sitini na moja. Nikapima tena. Siku mia sita na kumi. Kila asubuhi na jioni nilivuta wayo kwa ukanda wa khanga, mara mia, usije ukakauka kabla amri haijafika.

Kidole gumba kilinyanyuka nikiwa katika swala ya adhuhuri. Nilikiambia kinyanyuke, kikatii. Rakaa nikazipoteza, mimi niliyezoea kuhesabu, ikabidi nianze upya.

Wiki ile nikaenda Mji wa Kale kwa miguu yangu miwili. Nikamweleza mdungaji yote, la goti na la kisigino. Akasikiliza huku akifuta sindano.

"Si umepona, alhamdulillahi? Ungetulia siku ile, usingepata taabu hii."

Barazani wakaitikia kwa vichwa. Kulikuwa na mama amempakata mtoto, na zamu ilikuwa yake. Nilimwambia asiingie. Akanitazama, akamtazama mwenye koti, akaingia.

Themanini zake na abaki nazo. Nataka atoke nje ya lile pazia, aseme mbele ya watu kwamba sindano ndiyo iliyotangulia na mguu ukafuata, kisha atundike koti. Nimekwenda mara tatu. Mwenye kujua njia ya kumfikisha mtu kama huyu hapo, naomba anishauri.