Ng'ombe wa Mukunde

Mchana Épiphanie aliuza mapazia karibu na njia panda ya Sonatubes, na jioni alifundisha wasichana voliboli kwenye uwanja wa Kagarama. Alikulia Bujumbura, akacheza huko mpaka goti likamkataa, akaja Kigali na imani moja: mechi hupotea kichwani kabla haijapotea uwanjani. Mchezaji anayewasikia watazamaji hauoni mpira.

Dawa yake ilikuwa kelele. Mchezaji akisimama nyuma ya mstari kuanzisha, wenzake walimzunguka na vifuniko vya sufuria, wakigonga na kumtania mpaka apige. Walitania pua, viatu, mapishi. Aliyecheka alirudia.

"Akili kwenye mpira!" Épiphanie alifoka. "Dunia ikianguka, iacheni ianguke!"

Wasichana walimwita Mama, na walimpenda pamoja na ukali wake.

Mukunde, tegemeo la timu, alikuwa amepotewa na utulivu, na sababu aliijua Épiphanie peke yake. Watu wa mchumba walikuwa wamefika kwao Busanza kuposa. Wazee walikaa pande mbili, wakatupiana mafumbo kama desturi inavyotaka, wakanywa, na ng'ombe wa mahari akaahidiwa mbele ya majirani. Baadaye ukaja ujumbe kwamba ng'ombe huyo haji, wala mchumba. Nyumbani wakatangaza kuwa bwana harusi amekwenda masomoni, harusi imesogezwa mbele. Ukweli Mukunde aliutoa dukani kwa Épiphanie, nyuma ya vitambaa, akijifuta machozi kwa pindo la pazia.

"Lisitoke hapa, Mama."

"Limeingia kaburini," Épiphanie alimjibu.

Kaburi hilo lilikuwa na kina kifupi. Fainali ya vilabu vya wilaya ilikaribia, na kila alichopiga Mukunde kiliishia wavuni. Utani wa pua na viatu haukumwamsha tena. Jioni moja Épiphanie akamwinamia Shakira, binti wa mtaa wa Nyamirambo aliyewashinda wote kwa sauti, akamnong'oneza: "Muulize ng'ombe iko wapi."

Shakira alidhani ni utani kama utani mwingine.

"Eh, bibi harusi! Ng'ombe iko wapi? Ama imekwama kwenye foleni ya Sonatubes?"

Uwanja ukaangua kicheko. Mukunde hakucheka. Aliurusha mpira juu, akaupiga, ukatua konani. Akapewa mwingine, kona ileile. Na Épiphanie, Mungu amsamehe, akapiga makofi.

Mazoezi yalipokwisha, Mukunde alimzuia Shakira langoni. "Nani alikwambia?"

Shakira akamgeukia kocha wake, akangoja mtu mzima aseme. Mtu mzima akainama kufunga mfuko wa mipira, akaufunga kwa muda mrefu kuliko unavyohitaji.

"Nilikuwa natania tu, dada," Shakira akasema mwishowe. Hakutaka kumwaibisha mkubwa.

Kwa kuwa hakuweza kumshuku Mama, Mukunde aliamini kwamba Shakira alikuwa amewapeleleza majirani wa Busanza. Akakata salamu. Wenzake wakamfuata, na Shakira akawa anakunywa maji peke yake upande wa pili wa uwanja.

Épiphanie aliyaona hayo kila jioni. Alijiambia kwamba atasema baada ya fainali, maana kusema sasa ni kuwavuruga wasichana akili. Mwoga hakosi sababu nzuri. Jumapili, watu walipopanga foleni kupokea komunyo, yeye alibaki amekaa, akasogeza magoti ili majirani wapite.

Siku ya fainali Mukunde na Shakira walisimama bega kwa bega nyuma, kupokea. Anayeufuata mpira sharti aite "Wangu!" ili mwenzake ampishe. Shakira aliita. Mukunde hakusikia, alikuwa amefundishwa kutosikia, na sauti ile hasa ndiyo aliyojifunza kuizima. Wakagongana. Mpira uliofuata waliuachiana, ukadondoka katikati yao kama kitu kisicho na mwenyewe. Watu wakazomea. Épiphanie akaomba mapumziko mafupi.

"Mama, huyu hasikii," Shakira alisema akihema. "Namwita kama kichaa!"

"Mdomo wako nimeshausikia vya kutosha," Mukunde akamjibu.

Épiphanie alikuwa na maneno yake tayari, yale ya siku zote: vuta pumzi, sahau kosa, tazama mpira. Akafungua kinywa na hayakutoka. Angemwambia nani asahau, ilhali mwenye kosa ni yeye?

"Ng'ombe nilimtaja mimi," akasema. "Shakira hakujua chochote. Nilimtuma, kisha nikanyamaza, nikamwacha abebe."

Mukunde alimtazama usoni, akafuta viganja kwenye kaptura. Filimbi ya refa ikalia. Ndipo akamgeukia Shakira.

"Ita kwa nguvu. Nitasikia."

Hawakulibeba kombe. Waliipata seti moja, na ya mwisho ikawaponyoka kwa mpira uliogusa ukingo wa wavu ukaangukia upande wao. Lakini hakuna mpira mwingine uliodondoka kati ya wale wawili. Shakira aliita mpaka sauti ikamkauka, na Mukunde alimpisha kila mara.

Baada ya mechi Épiphanie aliwakuta wamekaa chini, miguu imenyooshwa, wakinywa chupa moja ya maji.

"Mukunde, mwanangu..."

Msichana akasimama wima, kama anavyosimama mtu mbele ya mgeni.

"Kesho kuna mazoezi, kocha?"

"Yapo."

"Nitakuja."

Na alikuja, wala hajakosa mpaka leo. Wengine bado wanamwita Mama. Mukunde humwita kocha, kwa adabu kamili, na hata uwanja ukiwa na kelele kiasi gani, Épiphanie hulisikia neno hilo.