Asubuhi Niliyotangazwa Marehemu

Nakumbuka asubuhi moja nilifariki dunia, mwanangu, huku natafuna chapati. Usicheke. Kesho unapandisha mfumo wako wa kwanza kwenye seva, na mie nimekuita hapa tunywe chai, unisikilize kabla vidole havijakuwasha. Katika kazi yetu hii ya kompyuta mtu akivuka arobaini tu mnamwita mzee, mnamwamkia shikamoo mpaka mgongo unaanza kumuuma kweli. Haya, marahaba. Sasa kaa.

Wakati huo nilikuwa kijana, nywele nyeusi zote, nafanya kazi kwenye ofisi ndogo Tabata, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaani kwetu. Unavijua vyama hivyo: mwenzenu akifiwa, mnabeba masufuria na mikeka, mnakwenda kulia naye. Kazi kubwa ya mfumo ilikuwa moja. Katibu akiandika jina la aliyefariki, wanachama wote wanapata ujumbe kwenye simu, waambiwe msiba uko wapi. Mie mwenyewe nilikuwa mwanachama, na namba ya mama yangu, aliyekuwa akiishi Boko kwa dada yangu, ilikuwa imeandikishwa mle. Mama alikuwa na presha. Daktari alishatuonya, huyu msimshtue.

Mwenzangu mezani alikuwa Mwanahawa, Mzaramo wa Temeke, na mie ni Mnyamwezi. Basi umeshajua: watani. Nikichelewa kazini, ananiuliza leo nilikuwa nabeba mzigo wa nani. Akisinzia, namuuliza ngoma ya jana ilichezwa kwa nani. Na mtani, mwanangu, ana ruhusa ya kukuzika ungali hai. Hata msibani kwenyewe ndiye anayemuigiza marehemu mwendo na sauti, watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Ndiyo dawa yake, na wala si ufedhuli.

Sasa, tulikuwa na databesi ya majaribio, ile ya kuchezea tusije tukaharibu ya kweli. Tuliijaza kwa kunakili orodha nzima ya wanachama, majina na namba zao za simu, maana sote pale tulikuwaga wavivu wa kubuni watu wa uongo. Mwanahawa akitaka kujaribu ukurasa wa vifo, amuue nani? Anamuua mtani wake. Maganga, amefariki Tabata, chanzo: kushindana na Wazaramo kula ubwabwa. Ofisi nzima tulicheka, na mie ndiye niliyecheka kuliko wote. Kwenye kompyuta yake kutuma ujumbe kulikuwa kumezimwa, kwa hiyo nikawa nakufa na kufufuka bila madhara yoyote. Mzaha mzaha, walisema wahenga, hutumbuka usaha.

Zama hizo makontena ndiyo yalikuwa yanaingia mjini. Si yale ya bandarini, aisee. Haya unafunga programu pamoja na kila inachohitaji ndani ya furushi moja, unalipeleka kwenye seva, linaamka na kufanya kazi kama lilivyofanya mezani kwako. Raha kweli. Tukafunga la kwetu, tukalipandisha asubuhi hiyo. Kumbe ndani ya furushi lilikuwa limefungwa pia faili la setingi, na humo imeandikwa databesi ya kufungua ni ipi na paswedi yake: ile ya majaribio. Huku kwenye seva kutuma ujumbe kumewashwa. Kontena likaamka, likafungua databesi liliyoelekezwa, likakuta maiti ambayo haijatangazwa, likatangaza. Litajuaje utani, jamani?

Simu yangu ikalia. "Chama kinasikitika kutangaza kifo cha ndugu yetu Maganga. Msiba upo nyumbani kwake, Tabata." Kabla sijameza chapati, akapiga muuza mkaa wa mtaani kwangu.

"Samahani, naongea na nani wa marehemu?"

"Ni mie, marehemu mwenyewe!"

Akakata. Mpaka leo akiniona ananisalimia kwa mbali.

Nilitaka kucheka, halafu nikamkumbuka mama. Nikapiga simu yake, inaita haipokelewi. Nikapiga ya dada, inatumika. Hapo damu ikanipanda. Nikamgeukia Mwanahawa, nikamwambia mbele ya watu, mama yangu akifa, umemuua wewe. 

Mkuu wetu, Mama Lyimo, mtu mzima aliyeanza kazi hii sie tukiwa shule ya msingi, alilizima kontena kwanza, ndipo akanitazama.

"Maganga, jana ulipocheka ulikuwa na meno yote. Leo kosa limekuwa la Mwanahawa peke yake? Kukutania ni haki yake. Sie wote tumeweka mzaha na msiba chumba kimoja, tena mie mkubwa wenu nimeona nikanyamaza. Hasira hasara, baba. Nenda kwa mama yako. Na mtani wako nenda naye, aliyezika ndiye afukue."

Tukapanda bodaboda moja, mshikaki, watatu na dereva, Mwanahawa nyuma yangu analia kimyakimya mpaka shati langu limelowa. Tulipoishika barabara ya Bagamoyo niliomba sala zote ninazozijua, na nyingine nikatunga. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa vibaya sana.

Boko tukakuta viti vimeshapangwa uani na vijana wanafunga turubai. Wanawake waliponiona, loo, mayowe! Mmoja aliruka na beseni la vyombo. Mama alikuwa ameketi mkekani, amejifunika kanga, mkavu wa macho. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, akasema, "Njoo nikushike." Nikapiga magoti. Akanishika masikio yote mawili, kama alivyokuwa akinikagua nikitoka kuoga utotoni.

Mwanahawa akaanguka miguuni pake. "Mama, nisamehe. Nimemuua mie, mtani wako."

Mama akamtazama. "Mzaramo wewe," akasema. "Mie nilimzaa kwa uchungu wa siku nzima, wewe unamzika kwa kidole kimoja? Inuka. Faini yako, waombolezaji wote hawa utawapikia wewe." Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko, na hapo ndipo mama alipolia. Dada akampima presha, ilikuwa imepanda vibaya. Akalazwa kitandani, akapumzika, ikashuka. Alhamdulillahi, kama alivyokuwa akisema Mwanahawa huku anachochea moto.

Lakini sikiliza hili, ambalo ofisini sikuwahi kulisimulia. Toka siku ile, kila simu ya mama ilipolia mlio wa ujumbe, hakuufungua. Alinipigia kwanza. "Maganga, upo?" Namwambia nipo, mama. "Haya." Anakata. Nikiwa kikaoni, nikiwa kanisani, nipo mama, nipo mama. Hivyo hivyo miaka yote, mpaka Mungu alipomchukua. Hitilafu ya seva tuliirekebisha kabla jua halijazama. Ya mama hatukuweza.

Kwa hiyo, mwanangu, kesho usifunge setingi za databesi ndani ya kontena lako. Kontena ni mpangaji: aje na godoro lake, ufunguo apewe mlangoni na mwenye nyumba. Anwani ya databesi na paswedi yake lipewe na seva linapowashwa, na likikosa kupewa, ligome kuamka kabisa, lisijitafutie databesi ya kubahatisha. Ya majaribio iwe na paswedi yake, isiyofungua ya kweli, na ya kweli isiyofungua ya majaribio. Na watu wa majaribio wabuni, usinakili namba ya mama wa mtu kwa sababu ya uvivu. Likiharibika jambo, zima kwanza, gomba baadaye, na ukigomba, jihesabu na wewe. Utani msiuache, ofisi bila utani ni kaburi.

Nenda, Mungu aibariki mikono yako, akupe macho ya kuona kosa lingali mezani kwako. Akupe wenzako wa kukutania na wa kukukanya. Na jioni, kazi ikiisha, mama yako akipiga kukuuliza upo, umpokelee mlio wa kwanza, umwambie upo.