Namba ya Baba Mkwe

Kwetu Bunia, siku ya kujitambulisha kwa wazazi wa binti, mchumba hafungui kinywa. Anasemewa. Basi mimi, mwalimu wa hesabu ninayewasahihisha watu hata msibani, niliketi kwenye kiti cha wageni kule Bigo, kimya, nikisemewa na mjomba wangu aliyetoka Gety. Kazi aliyoizoea mjomba ni kupanga watu mistari kwenye maandamano ya parokia. Yeye na hesabu waliachana zamani, bila kugombana.

Baba wa binti alikuwa mwalimu mstaafu, wa hesabu pia. Hakuuliza ukoo wala mashamba. Aliinuka akaandika 30 031 kwenye ubao uliotundikwa sebuleni.

"Trente mille trente et un. Iko nombre premier ao haiko? Mukishindwa, mutamaliza soda yenu na mutarudia kwenu."

Namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe! Nikaigawa kichwani. Kwa mbili, inabaki moja. Kwa tano, moja. Kwa saba, kwa kumi na tatu, moja tu. Tasa hiyo, bila shaka! Nikakohoa, nikamkanyaga mjomba, nikamtolea macho. Nilikuwa na hasira kweli: nampenda yule binti, na anapotea hivi hivi mikononi mwa mtu asiyejua kugawa.

Mjomba hakunitazama hata kidogo.

"Muzee, siye tunapangaka watu tu. Weye gawa pale, siye tuone."

Mzee akagawa, kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, chaki ikilia. Kila mara ikabaki moja.

"Basi nimesikia," mjomba akasema. "Tukiwapanga wawili wawili, mumoja anabakia yeye peke. Watatu watatu, vile vile. Ule mumoja ni huyu kijana yetu. Umuhurumie, muzee."

Shangazi zangu wakapiga vigelegele. Mzee hakucheka. Aliandika 59 × 509, kisha akanigeukia.

"Haiko premier. Ukiwapanga cinquante-neuf, cinquante-neuf, hakuna mwenye anabakia. Muchumba mwenye alikutangulia kuja hapa alipiga kelele 'premier!', akarudia kwao na diplôme yake. Na weye ulitaka kusema premier. Niliona macho."

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto.

"Lakini hakusema!" mjomba akaruka.

Mzee akaiweka chaki chini.

"Ni kweli, hakusema. Mwalimu wa hesabu mwenye iko na kosa na ananyamaza, sijaona bado. Mumuite binti."

Baada ya harusi nilimwuliza mke wangu kama alikuwa anaijua ile namba.

"Tangu nikiwa mutoto," akasema. "Siku ile nilikuwa nimejificha nyuma ya rido ya mulango, naomba Mungu wasikupatie ruhusa ya kusema."