Mzee Aliyeomba Aongezewe Siku za Suti

Cheka tu, hata mimi ningecheka. Lakini siku ukipita Meru mjini, ingia dukani kwangu, nyuma ya soko la Gakoromone, uniulize habari ya ile suti ya kijivu iliyotundikwa peke yake ukutani. Nitakuonyesha. Haya ninayokusimulia hayakumpata rafiki wa binamu wa jirani. Yalinipata mimi mwenyewe, macho yakiwa mazima na chai ya saa kumi ikiwa bado na joto tumboni.

Kazi yangu ni kukodisha nguo za harusi. Duka niliachiwa na marehemu mama yangu: gauni upande huu, suti upande ule, na katikati cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu. Mpaka leo ikilia nasikia sauti yake akinigombeza kwa kuvuta uzi. Mama alikuwa na sheria moja tu. Mteja anaacha kitambulisho, anachukua nguo. Anarudisha nguo, anachukua kitambulisho. Siku ikipita hakuna huruma. "Nguo ya kukodi ikizoea nyumba ya watu haitaki kurudi," alikuwa akisema. Nami niliishika sheria hiyo kwa meno. Waulize maharusi wa mji huu, watakueleza ulimi wangu ulivyo.

Siku zile vijana walikuwa hawajaanza kuchagua suti kwenye simu na kumtuma bodaboda aje kuichukua. Mtu alikuja mwenyewe. Alipimwa, akanywa chai, akakueleza ukoo wake wote hadi mbuzi waliotolewa mahari. Nazikumbuka siku hizo mpaka kifua kinauma, usifikiri ni mchezo. Na hivyo ndivyo alivyokuja Mzee M'Ikiara kutoka Mikinduri, mrefu, mwembamba, kofia mkononi.

Unajua mambo ya huku kwetu. Wazee wengi wameishi na wake zao miaka na miaka kwa ndoa ya kimila, kisha uzeeni kanisa linawaita waje wabariki ndoa. Wajukuu ndio wanaobeba maua! Mzee M'Ikiara na mkewe walikuwa wamepangiwa Jumamosi. Mkewe aliumwa na miguu, hakuweza kuja kupimwa gauni, basi mzee alikuwa amemleta mfukoni: kamba ya mgomba yenye mafundo, fundo moja la kiuno, jingine la kifua, jingine la urefu. Nilicheka hadi nikakaa chini. Lakini nilipoilinganisha kamba na gauni, ilikaa sawasawa, ila urefu tu ndio wa kupunguza.

Nikimpima mabega akanipa hadithi yake.

"Mwari wakwa," akaniambia, maana alikuwa wa rika la baba yangu na mimi ni binti yake, "wakati mimi naenda kuoa, nilipeleka ncoolo."

Kama hujui, ncoolo ni lile fungu la miraa teule, limefungwa vizuri kwa majani ya mgomba, linalopelekwa kwa wazazi wa msichana. Wakilipokea, umekubaliwa.

"Sasa koti sikuwa nayo. Nikaomba ya mwalimu. Mwalimu akasema, irudi kabla jua haijashuka, kesho naenda nayo shule. Wazee wanakula, wanaongea, mimi naangalia jua. Ikifika kwa ile mlima, nikatoka mbio! Bibi yangu hata hakuniona vizuri. Mpaka leo ananiambia, 'Wewe ulikuja kunioa ukikimbia.'"

"Na hii je?" nikamuuliza, nikimvuta mkono wa koti.

"Hii ataangalia mpaka achoke. Na usimwambie mtu. Nyumbani hawajui nimetafuta suti, wanafikiri nitaenda na ile sweta."

Wateja kama hao ndio walionifanya niipende kazi hii. Nilichukua kipande cha kitambaa kilichobaki nilipofupisha gauni la mkewe, nikashona ua dogo jeupe, nikalibandika kifuani mwa ile suti. Akaacha kitambulisho, akaenda. Gauni angemtuma binti yake alifuate Ijumaa, bila kumtajia duka kabla ya siku hiyo, na suti ingerudi Jumatatu.

Ijumaa binti hakuja. Jumatatu suti haikuja. Nilianza kuchemka, kwa sababu suti ile ilikuwa imeahidiwa kijana mmoja wa benki aliyekuwa akioa wikendi iliyofuata, na mama yake kijana alikuwa akinipigia simu asubuhi na jioni. Nilijiambia, haya, mzee naye! Kumbe sura ya upole si dhamana.

Jumatano jioni, nikikaribia kufunga, ukungu wa Julai ulikuwa umeshuka na manyunyu yanaanguka. Jirani yangu Mama Halima, anayeuza leso, alikuwa akiingiza bidhaa zake ndani. Nikainua macho, nikamwona Mzee M'Ikiara amesimama mlangoni. Amevaa suti. Yaani ile suti yangu, tai na ua kifuani, kama mtu anayengoja kupigwa picha!

Nilimfungulia mdomo kabla hajanisalimu. "Mzee, hiyo nguo si ya kuendea sokoni! Ilikuwa irudi juzi. Unataka watu waniambie nini?"

"Muga, mwari wakwa," akasema pole pole.

Salamu ile ilinikata makali. Nikamkaribisha ndani anywe chai, akatikisa kichwa. Alibaki pale pale kwenye kizingiti. Nikaona mambo mawili, na niamini, niliyaona vizuri. Manyunyu yalikuwa yakianguka nyuma yake lakini koti lilikuwa kavu kabisa. Na miguuni hakuwa na viatu. Mzee wa watu, suti kamili, miguu mitupu imeshika udongo mwekundu. Nikafikiri amevua viatu kwa sababu ya matope. Mtu angefikiri nini kingine?

"Harusi haikufanyika," akasema. "Bibi yangu bado hajafika. Nimekuja uniongezee siku."

"Siku gani tena, mzee? Kuna mtu anaingoja hiyo suti."

"Mpaka bibi afike. Akifika nitairudisha. Sitaki kukimbia tena."

Sasa nikuulize wewe: ungemjibu nini? Nilikuwa na sheria ya mama kichwani, na mama wa kijana wa benki kwenye simu. Nilifungua mdomo niseme hapana. Ndipo nikamwona usoni mwake yule kijana wa koti la mwalimu, aliyekaa na wakwe huku akiliangalia jua. Machozi yakanilenga, sijui yalitoka wapi.

"Kaa nayo, baba," nikamwambia. "Kaa nayo mpaka afike. Huyo mwingine nitamtafutia."

Alicheka, meno yake yote yakaonekana. Akasema Mungu anibariki, akageuka kwenye ukungu. Nami nikarudi kufunga droo.

Mama Halima akachungulia. "Jirani, wamgombeza nani? Mara makelele, mara walia."

"Si huyo mzee aliyetoka sasa hivi?"

Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. "Mimi niko mlangoni hapa muda wote. Hakuna mtu aliyepita."

Nikamwambia miwani yake imechoka. Lakini usiku ule sikuzima taa.

Wiki iliyofuata wakaja wanawake wawili, mmoja mzee akitembelea mkongojo, ameshikwa mkono na bintiye. Yule mama wa mkongojo akajitambulisha: yeye ndiye mke wa M'Ikiara. Walikuwa wametafuta kitambulisho cha mzee kila mahali, kwa kuwa chifu aliwasaidia wakati wa mazishi lakini cheti cha kifo hakitoki bila hicho. Kisha jirani mmoja akakumbuka kumwona mzee akitoka kwangu.

"Cheti cha nani?" nikauliza.

"Cha baba," akajibu binti. "Alianguka shambani Alhamisi, kabla ya harusi. Tulimzika Jumanne."

Jumanne! Na mimi nilikuwa nimemgombeza Jumatano.

Binti akaendelea kusema wanamshukuru Mungu, baba alizikwa vizuri, walikuta ameficha suti mpya kabatini na ua lake tayari. Kisha akaziona suti nyingine zimetundikwa, akaona henga moja tupu, akanigeukia. Mama yake alikuwa ameelewa kabla yake.

"Hiyo nguo ilikuwa yako?" akaniuliza. "Uuui! Tumezika mzee na nguo ya watu! Sasa atalala aje?"

Sikuwa nimewahi kumwona mtu akiogopa hivyo. Hakuwa akijililia yeye. Alimwona mumewe kule chini akidaiwa, hana amani. Binti akataja kulipa, akataja hata kuwaita wazee wa kanisa wafukue. Nikawaambia wakae. Nikamwambia yule mama kila kitu, ukungu, ua, koti kavu, na maneno aliyosema.

Alisikiliza bila kupepesa. Kisha akauliza swali moja tu. "Alikuwa na viatu?"

"Hapana, mama. Alikuwa miguu mitupu."

Akajifunika uso kwa kanga. "Viatu tulimvua sisi wenyewe kabla sanduku kufungwa, nikampa kaka yake. Watu wa nje hawakujua." Alipoondoa kanga alikuwa akilia na kucheka pamoja. "Kwa hivyo ananingoja."

"Anakungoja," nikamwambia. "Na safari hii hakimbii."

Nikawapa kitambulisho, kisha nikatoa lile gauni lililopimwa kwa kamba. Tulimvalisha pale pale mbele ya kioo, mimi na bintiye, na Mama Halima akaja na kupiga vigelegele mpaka wauza ndizi wakakusanyika mlangoni. Alikuwa mzuri yule mama, wallahi, kama Mama Halima alivyoapa. Akageuka upande huu, akageuka upande ule, kisha akalivua na kuniomba nimwekee.

Nililiweka. Wateja waliliulizia, niliwaambia limechukuliwa. Ile henga tupu nayo niliiacha wazi, sikutundika kitu.

Msimu wa mvua uliofuata binti alirudi peke yake, na sikuhitaji kuuliza. Mama yake alikuwa amelala salama usiku na hakuamka. Nilimpa gauni, na nikaenda hadi Mikinduri kumzika yule mama. Wakamlaza kando ya mumewe akiwa amevaa nyeupe.

Asubuhi yake nilifungua duka kwa ufunguo wangu mwenyewe. Suti ya kijivu ilikuwa kwenye henga yake. Ilikuwa safi, imenyooshwa, tai imekunjwa mfukoni, na inanukia asali kama ile ya mahari. Nilikaa sakafuni nikalia kama siku niliyomzika mama. Ndipo nikatazama kifuani mwa koti. Ua halikuwepo, matundu tu ya sindano.

Sijaikodisha suti hiyo tena, na sitaikodisha. Vijana huniambia ni ya mtindo wa zamani. Nawajibu ndiyo, kwa hiyo usiiguse. Nawe uliyenisikiliza, chukua haya. Kabla hujamzika mtu wako, ulizia nguo unayomvika imetoka wapi. Na jioni ya ukungu, mtu akisimama mlangoni pako akaomba siku kidogo zaidi, usimjibu kwa hasira kama nilivyoanza mimi. Mtazame miguu kwanza, kisha umpe. Mzee M'Ikiara alirudisha kila kitu changu ila lile ua, na lile sikumpa kwa kukodi.