Palmie Mbili za Lango la Papa Bahati

Mwanangu, siku ninayotaka kukusimulia naikumbuka kwa sauti yake. Kitu kilipasuka chini ya ndoo, kama shuka ya zamani inavyopasuka ukiivuta kwa nguvu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na haya nyingi mno. Mteja akiniuliza jina la ua, nilimjibu nikitazama vidole vyangu vya miguu.

Nilifanya kazi kwa Maman Nsimire, mwenye pepinieri, yaani kitalu cha maua, hapa Muhumba, hii hii ninayoiangalia leo. Alipanda maua ya kila aina, lakini moyo wake ulikuwa kwa palmie, mti wa jamii ya mnazi. Si ile ya mafuta, ni hii ya kupamba. Mbegu alizifuata mwenyewe Nyangezi. Alinifundisha kuzisugua kwa mchanga mpaka nyama yote itoke, kuziloweka siku nne huku nikibadilisha maji kila asubuhi, kisha kuzilaza juu juu kwenye udongo mwepesi, mahali penye joto. Halafu kungoja. Miezi mitatu huoni kitu. Mwaka wa kwanza una jani moja jembamba linalofanana na nyasi, na asiyejua ataling'oa akipalilia. Nimeshaona.

Palmie mbili zilipandwa siku moja. Papa Bahati, mwalimu wa shule ya msingi, alizichagua kabla mimi sijafika pale, wakati kila moja ina majani mawili tu. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kujenga nyumba yake, na alizitaka zisimame pande mbili za lango, zifanane kama mapacha. Kila Jumapili akitoka misa alipitia kuzitazama.

"Maman, batoto bangu iko namna gani?"

"Banakomaa, papa. Na nyumba?"

"Nyumba nayo inakomaa, lakini hawa batanishinda mbio!"

Ilienda hivyo miaka saba. Siku nyumba ilipopata mabati, palmie zilikuwa zimenipita kimo.

Kazi yangu ilikuwa kuzungusha ndoo zilimopandwa kila mwezi, ili mizizi isitoke kwenye matundu ya chini ikashika ardhi. Ndoo ya kwanza ilikuwa karibu na njia, nayo niliizungusha. Ya pili ilikaa kwenye kona ya ukuta yenye siafu. Mwezi mmoja niliiacha, nikaiacha na wa pili, mwishowe nikazoea kuiacha.

Siku ya kuzihamishia langoni kwa Papa Bahati walikuja wanaume wawili na mkokoteni. Ndoo ya kwanza ilinyanyuka vizuri. Ya pili nikasaidia kuinyanyua, ikakataa.

"Dada, ugali wote ule unakulaka unaendaka wapi?" mmoja akanicheka.

Niliona haya. Nikashika ukingo wa ndoo, nikavuta kwa mwili wote. Hapo ndipo niliposikia ile sauti. Chini ya ndoo ilining'inia mizizi minene kama kidole, imekatika, nyeupe. Niligeuza upande ule ukutani, nikaupaka tope, mtu asione.

"Furaha, iko sawa?" Maman Nsimire akaniuliza kutoka kwenye maua.

"Iko sawa, maman."

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Ua dogo likiumia, jioni linainama, nawe unalikimbilia na maji. Palmie haisemi. Inabaki kijani wiki mbili, wiki tano, ikila kile ilichoweka ndani ya shina. Papa Bahati alifurahi kweli. "Hata jani moja haijakauka! Furaha, mukono yako iko na baraka." Kila aliponisifu, kinywa changu kilizidi kuwa kizito. Nilijiambia labda imeshapona.

Wiki ya sita Maman Nsimire alikwenda kuzisalimia, nami nikamfuata. Alishika jani jipya la katikati, lile ambalo bado limejifunga kama mkuki, akalivuta kwa vidole viwili. Likatoka lote. Mwisho wake ulikuwa umeoza, unanuka. Palmie ile ina moyo mmoja tu, mwanangu. Haichipui pembeni kama mgomba. Moyo ukioza imekwisha, hata kama majani mengine bado yanang'aa.

Alichimba kidogo, akaona mizizi iliyokatika.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile, maman."

Hakupiga kelele. "Ungeniambia siku ile, tungekata majani ya chini, tungefunga ya juu, tungetia kivuli. Ingeteseka, lakini ingepona. Mizizi inarudiaka, Furaha. Ile kimya yako ndiyo iliiua. Sasa ingia, umwambie Papa Bahati. Miye sitasema kwa pahali pako."

Niliingia. Nilimwambia nikimtazama usoni, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama mtu mzima usoni. Alikaa kwenye ngazi, ameshika lile jani lililooza.

"Miaka saba," alisema.

Maman alitaka kumpa nyingine mbili ndogo, zinazolingana. Alikataa.

"Huyu mukubwa abakie. Mudogo atamufuata. Lakini Furaha mwenyewe apande mbegu, na miye nitangoja."

Akangoja kweli, upande mmoja wa lango ukiwa mtupu. Nilisugua ile mbegu, nikailoweka, nikailea, nikazungusha ndoo yake kila mwezi huku siafu wakinila miguu.

Ukishuka barabara hii utaliona lango hilo. Palmie moja imepita mabati, nyingine inaishia shingoni mwake. Wapita njia husema aliyezipanda hakujua kupima. Ile fupi ni yangu. Papa Bahati amezeeka sasa, na bado ananiita "mama ya mudogo."

Nimekuandikia haya kwa sababu jana ulipokuwa unavuta ile palmie ya pale ukutani, niliisikia ile sauti. Nilikuwa mbali, lakini siwezi kuisahau. Nilikuuliza, ukanijibu iko sawa. Sikutaka kukuaibisha mbele ya wateja.

Basi shika neno langu. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kwa maneno machache, kwa yule mwenye kitu. Usingoje majani yakusemee, yatasema tumeshachelewa. Kuona haya si dhambi, mwanangu, lakini usiiache haya iharibu kazi ya mkono wako.

Leo majani bado ni mabichi. Kisu nimekinoa, kamba ipo, na turubai la kivuli nimelitundika. Njoo uniambie, tuiponye pamoja.

Mungu akupe kinywa chepesi siku ya kosa, na mkono wa polepole siku ya kuhamisha, na akuweke duniani mpaka ukae kwenye kivuli cha palmie uliyoipanda mwenyewe ikiwa mbegu.