Viputo Kwenye Ini Langu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliishia darasa la nne, lakini leo nina mashine mbili za kukoboa kahawa hapa Mbinga, fuso moja, na nyumba ya wageni kule ziwani. Kwa hiyo ultrasound ya kawaida ilipoonyesha uvimbe kwenye ini, niliwaambia watu kwamba ini la tajiri lazima liwe na nyongeza.

Mke wangu hakucheka. Alianza kunipakulia nyama kama mgeni anayeondoka kesho. Hapo na mimi nikaogopa.

Tukaenda hospitali ya misheni huko milimani, alikokuwa amekuja daktari bingwa, mama wa makamo. Aliposoma jina langu la ukoo akatabasamu.

"Mngoni wewe?"

"Mngoni kamili."

"Mimi Mhehe. Leo umekwisha, mtani."

"Ndiyo maana sijaona mbwa hata mmoja hapa nje, Wahehe mmeshawala wote!"

Alipomaliza kucheka akanieleza kipimo chenyewe. Dawa anayodunga kwenye mshipa ina viputo vidogo sana vya gesi. Vinasafiri na damu, vinang'aa kwenye skrini, halafu unavitoa kwa pumzi. Uvimbe ukiwaka haraka na kuzima haraka, huenda ni kansa. Ukijaa polepole kutoka pembeni na kuendelea kung'aa, ni fundo la mishipa ya damu tu.

Akadunga. Nikaanza kumsimulia nilivyonunua fuso.

"Nyamaza, mtani. Ukijisifu ini linacheza, sioni kitu."

Nikanyamaza. Mke wangu anasema hajawahi kuona jambo hilo tangu nimuoe.

Kwenye skrini uvimbe ulikuwa mweusi. Kisha vidoa vyeupe vikatokea pembeni, vikasogea ndani taratibu. Mke wangu ni Mmatengo wa Litembo, amekulia kwenye ngoro, yale mashimo ya shambani ya kukinga mvua. Akaninong'oneza, "Baba watoto, tazama, ni kama ngoro. Maji yanashuka kwenye matuta mpaka katikati."

Tukasubiri. Weupe haukuzima.

"Si kansa," daktari akasema. "Ni fundo la mishipa tu, utazeeka nalo."

Mke wangu alilia huku anacheka, akanipiga bega. Nikawaambia nilijua tangu mwanzo.

"Lakini umenidhulumu, mtani," daktari akaendelea. "Nilishapanga kuja msibani, nilale mbele ya jeneza kama desturi ya watani, mpaka ndugu zako wanilipe. Sasa huzikwi. Nani atanifidia?"

"Taja unachotaka." Mtu kama mimi haulizi bei.

"Mbasa, wale samaki wa ziwani, wakubwa, wanitoshe mimi na wauguzi wote."

"Mpe, baba watoto," mke wangu akadakia. "Na wa kubeba nyumbani umpe."

Kesho yake niliteremka mwenyewe hadi Mbamba Bay, maana samaki wa kumkomesha Mhehe siwezi kumwagiza mtu. Wachuuzi waliponiona nacheka peke yangu wakapandisha bei, na sikubishana. Fidia ya kutozikwa, yaani mbasa, barafu na mafuta ya gari: shilingi laki mbili na elfu themanini na saba na mia tano.