Mkwe wa Mbwa Wangu

Mama alipokubali kuhama Mpuguso aje kukaa kwangu, alikuja na vitu vitano. Nilivihesabu vikishuka kwenye bajaji, kisha nikahesabu tena, maana cha tano kilikuwa kinalia. Begi la nguo, sufuria, jembe, mkeka, na kikapu cha mianzi kilichofungwa juu kwa kitenge. Ndani ya kikapu alikuwemo paka.

"Hukuniambia unakuja na paka, mama."

"Hukuuliza."

Mimi nauza ndizi. Nanunua mikungu Kyimo, nauza mjini Tukuyu, na kwangu ni mtaa wa Bagamoyo, hii Bagamoyo yetu ya mvua na ukungu. Mtu wa kazi yangu hanunui kitu kabla ya kukigeuza pande zote. Mama sikumgeuza. Nilikuwa nimembembeleza mwaka mzima, kwa sababu nyumba yake ilishaanza kulala upande, na masika yaliyotangulia aliteleza akitoka mtoni na ndoo, akabaki kwenye tope mpaka mpita njia alipomkuta. Nyonga ilipona, mwendo haukurudi. Sikutaka ateleze mara ya pili bila mtu.

Tatizo, uani kwangu kulikuwa na mbwa. Mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja pungufu, niliyembadilisha na mikungu miwili angali mdogo, na hadi leo nadhani mmoja ungetosha. Kwake paka alikuwa kitu cha kufukuzwa. Alipoona kikapu kinalia alikirukia, kikapu kikabingirika mpaka mtaroni.

Mama aliketi juu ya begi lake pale mlangoni.

"Mwanangu," akasema, "huyu ndiye aliyebaki na mimi ninyi mlipotawanyika wote. Akishindwa kukaa hapa, na mimi nimeshindwa. Bajaji ile haijafika mbali."

Nikaanza kupatana bei. Nikasema watazoeana, siku tatu tu. Mama akasema mwezi. Nikapanda hadi tano.

"Gwe, wewe, unanunua mchicha?"

Tukafungia siku kumi na nne. Akaongeza sharti: begi halifunguliwi, litakaa miguuni pa kitanda na kamba yake mpaka wanyama wapatane. Na njia ya kuwapatanisha itakuwa yake.

Mama aliolewa enzi ambazo kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Akimsikia anakuja, anaingia migombani, anajifunika kitenge na kugeuza uso mpaka mzee apite.

"Baba mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi na harufu ya tumbaku," alisema. "Uso niliuona baadaye sana. Na hatukugombana hata siku moja. Utagombanaje na mtu usiyemwona?"

"Kwa hiyo paka ni mkwe?"

"Paka ni mkwe. Mbwa ni mzee mwenye mji. Wajuane kwanza kwa kikohozi."

Paka akawekwa chumbani kwa mama, mlango umefungwa. Asubuhi nilipoondoka na mbwa kwenda sokoni, paka alitolewa uani akanusa kila mahali mzee alipolala. Tukirudi, yuko ndani. Gunia la mbwa likaenda chini ya sahani ya dagaa ya paka, na kitenge cha paka chini ya bakuli la mbwa. Walikula pande mbili za mlango mmoja, na kila siku vyombo vilisogezwa karibu kwa kiasi cha kiganja. Mama alipima kwa kiganja chake, mimi nikapima tena kwa changu, tukabishana kipi ni halali. Na kila alipompa mbwa chakula, mama alikohoa kwanza. Nilidhani ni kifua.

Jirani yetu, mama mmoja ambaye hapitwi na jambo, alichungulia uani.

"Shikamoo mama. Nasikia humu kuna paka anamkwepa baba mkwe."

"Marahaba. Na wewe ungemkwepa wako, usingekuwa na mdomo huo."

Aliondoka anacheka, kesho yake akaleta dagaa.

Ndizi tunazivundika kwa kuzifunika majani makavu ya mgomba. Ukifunua kabla ya siku yake, umeharibu zote. Hilo nalijua kuliko ninavyojua njia ya kwetu. Lakini siku ya tisa, Jumapili, mlangoni palikuwa kimya kizuri mno. Nikahesabu siku zilizobaki, nikahesabu tena, nikaona ni hasara tupu. Mama alikuwa kanisani. Nikafungua mlango.

Aliporudi, na Biblia yake ameifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua, alikuta paka yuko juu ya mparachichi, mbwa ana damu puani, na mimi nimesimama juu ya kigoda nimenyoosha dagaa mmoja. Aliingia ndani, akatoka na begi.

"Mama, mvua hiyo."

"Nimeshanyeshewa kabla yako."

Akakaa kibarazani kungoja ipungue. Nilitazama ule mguu wake mbovu ukiwa umenyooshwa kuelekea Mpuguso, nikakosa bei ya kushusha.

"Tuanze upya," nikasema. "Kuanzia moja."

"Siku ngapi?"

"Utakazosema."

Akaniangalia kwa mashaka. "Thelathini."

Nikalisogeza begi lake lisilowe.

"Hupunguzi?"

"Sipunguzi."

"Ndaga," akasema, yaani asante, akalirudisha begi miguuni pa kitanda. Kamba hakuigusa. Paka alishuka mwenyewe, dagaa nilimpa mbwa.

Siku ya thelathini mama aliketi jikoni, ndizi zinachemka. Nilikuwa nimemfunga mbwa kamba na kuizungusha mkononi mwangu mara mbili. Mama akainuka, akafungua mlango wa chumba chake. Paka akatoka, akatembea akiambaa ukuta. Kamba ikanibana mkono. Hapo mama akakohoa, kikohozi kizito cha mzee wa kiume. Mbwa akamgeukia yeye, mkia unacheza, akasahau kulikuwa na kitu ukutani. Paka akapita nyuma yake, akaenda kulamba maziwa.

"Umeona?" mama akanong'ona. "Amegeuza uso."

Asubuhi yake nilikuta begi kibarazani, tupu, limegeuzwa nje ndani lipate hewa. Nguo zake zilikuwa zimetundikwa kwenye misumari chumbani.

"Chukua ukabebee ndizi," alisema. "Linakaa bure."

Mama hatunaye sasa. Begi ninalo, nimelishona mara mbili. Juzi nilikuwa na mafua, nikakohoa jikoni. Mbwa, ambaye siku hizi haoni vizuri, akanigeukia na kungoja mkwe apite nyuma yake. Nikatazama. Paka alikuwa amelala juu ya mkeka wa mama, wala hakuwa na safari yoyote.